Kabla Hujampa Wakala Pasipoti

Usimpe mtu pasipoti yako kabla hujaushika mkataba.

Usimpe wakala. Usimpe shemeji anayemjua wakala. Usimpe yule mama wa kanisani ambaye binti yake yuko Riyadh na anasema mambo yako sawa. Pengine yako sawa. Pengine binti hana simu ya kusema vinginevyo.

Onyo hili ni la Kitengela kwanza, halafu Kisaju, Isinya, Kajiado mjini na Namanga. Linawahusu wanawake wanaopanga kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Linawahusu pia waume, mama, kaka na vyama vyao, kwa sababu madhara hayamwishii anayesafiri. Msimu wa mawakala unajulikana. Wanakuja viwanda vinapopunguza watu. Wanakuja ukame unapomaliza ng'ombe. Wanakuja tena Januari, karo inapodaiwa. Wanajua ni lini mwanamke hana la kusubiri.

Kitengela ni mahali pepesi pa kumpata mwanamke wa namna hiyo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 katika mji huu, wengi wao wakiwa wamehamia kufuata kazi. Eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, EPZ, la Athi River liko hapo ng'ambo tu, upande wa Machakos. Maelfu ya wanawake wanaoshona nguo huko hupanga vyumba Kitengela, huamka gizani na kurudi gizani. Kazi yao imetegemea oda za Marekani chini ya AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoziruhusu nguo zetu kuingia huko bila ushuru. Muda wa sheria hiyo ulipofika mwisho tarehe 30 Septemba 2025, kila aliyeketi kwenye cherehani alielewa maana yake. Kiwanda kisicho na uhakika wa oda humwandika mtu kwa miezi michache michache. Mwenye nyumba anataka kodi miezi yote kumi na miwili.

Ndani zaidi ya kaunti hali ni nyingine, lakini inafikisha mahali pale pale. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Ng'ombe walikufa kwa makundi. Mwanamke wa Kimaasai aliyelisha nyumba yake kwa maziwa alibaki na shanga za kuuza na watoto wenye njaa. Ranchi za jumuiya zilipogawanywa, sajili ziliandikwa zaidi kwa majina ya wanaume, na wajane na mabinti wengi hawakuonekana humo. Mwanamke huyo hana ng'ombe. Hana shamba. Hana cha kuweka rehani benki.

Huyu wa kiwandani na yule wa bomani wanafikia tangazo moja. Limebandikwa kwenye nguzo ya stima au limetumwa kwenye grupu la WhatsApp. Kazi Saudia. Chakula na malazi bure. Cheti cha shule hakihitajiki. Unaondoka ndani ya mwezi.

Hatari inaanzia hapo.

Saudia, mfanyakazi wa nyumbani hukaa nchini kwa jina la mwajiri wake. Mfumo huo unaitwa kafala. Kafili, yaani mwajiri huyo, ndiye anayekushughulikia iqama, kibali chako cha ukaazi. Ukitoka nyumbani kwake bila ridhaa yake, anaweza kuripoti kwamba umetoroka, na kuanzia siku hiyo mkosaji ni wewe, hata kama ulikuwa unakimbia kipigo. Mageuzi ya Machi 2021, yaliyowapa wageni wengi ruhusa ya kubadili mwajiri, hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani. Kanuni zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinasema kazi isizidi saa 10 kwa siku, kuwe na siku ya mapumziko kila wiki, na mwajiri asishike hati za mfanyakazi. Ni kanuni nzuri. Lakini mkaguzi haingii jikoni. Nyumba ya mtu imefungwa, na aliye ndani hana wa kumwonyesha saa alizofanya kazi.

Mwezi Mei 2025 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na zaidi ya wanawake 70 wa Kenya waliofanya kazi hiyo. Wengi walisema walifanya kazi zaidi ya saa 16 kwa siku. Wengi hawakupata siku ya kupumzika. Pasipoti zilichukuliwa. Simu zilinyang'anywa. Wapo waliobakwa ndani ya nyumba walizokuwa wakizisafisha. Mshahara wao kwa wastani ulikuwa kama dola 240 kwa mwezi. Piga hesabu kwa saa hizo: ni kama shilingi 65 kwa saa. Hakuna mama wa Kitengela anayeweza kumpata mtu wa kumfulia nguo kwa bei hiyo.

Wanaokimbia huishia kwenye vibarua vya siri. Wakenya wenzao huko huwaita makemboi. Hawana iqama. Wakiugua, wanaogopa hospitali. Wakijifungua, mtoto hana cheti cha kuzaliwa na hawezi kupanda ndege. Kuna watoto Wakenya walioanza maisha yao hivyo, bila karatasi hata moja inayosema wao ni wa nani, mpaka Serikali ilipotangaza mwaka 2023 kwamba itachukua sampuli za DNA ili mama zao waweze kurudi nao.

Halafu kuna vifo.

Kwa takwimu zilizotolewa na Wizara ya Mambo ya Nje mwaka 2021, Wakenya 48 walifariki Saudia mwaka 2020, na wengine 41 mwaka uliofuata kabla haujaisha. Jumla ni 89. Machi 2025 gazeti la The New York Times lilichapisha uchunguzi wake: wafanyakazi wasiopungua 274 kutoka Kenya, wengi wao wanawake, walikuwa wamekufa Saudia katika miaka mitano. Cheti cha kifo mara nyingi husema moyo ulisimama. Hakisemi kwa nini moyo wa mwanamke kijana, aliyepimwa na kupitishwa na daktari kabla ya kupanda ndege, ulisimama.

Wakenya 150,000 hivi wako katika kazi za nyumbani Saudia, kwa hesabu ya Amnesty. Wengi watarudi wakiwa hai, na hilo lazima lisemwe. Fedha pia zinakuja. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani dola bilioni 4.94, na Saudia ni miongoni mwa nchi zinazotuma nyingi. Wapo wanawake waliomaliza mkataba, wakasomesha watoto, wakarudi na kujenga vyumba vya kupangisha. Siipingi safari. Mwanamke mzima ana haki ya kwenda kutafuta, kama wanaume walivyokwenda siku zote.

Ila fedha na mamlaka havisafiri pamoja.

Tunaambiwa kwamba mwanamke akienda Ghuba amejiwezesha. Basi tuulize ni nani anashika karatasi. Pasipoti anashika kafili. Mkataba anashika wakala. Simu anashika mama mwenye nyumba. Mshahara ukitumwa anaupokea kaka. Hati ya ploti iliyonunuliwa kwa mshahara huo ina jina la kaka. Mwanamke aliyefanya kazi saa 16 anashika nini? Kama jibu ni hakuna, basi waliowezeshwa ni wengine, na yeye ndiye aliyewalipia.

Hasara hii ya nyumbani nataka kuikalia kidogo, kwa sababu haipigiwi kelele. Haiji na jeneza. Haiingii kwenye habari za saa moja. Lakini inawavunja wanawake wengi, hata waliobahatika kupata mwajiri mwema.

Inakwenda hivi. Dada anatuma pesa kila mwezi. Anataka ploti, na Kajiado ndiko ploti zinakouzwa: kando ya barabara ya Namanga kutoka Kitengela, Kisaju, Isinya na kuendelea, ardhi iliyokuwa malisho imekatwakatwa na inauzwa kwa watu ambao hawajawahi kuikanyaga. Kaka au mume anapiga picha ya vigingi. Baadaye anatuma picha ya msingi. Baadaye picha ya ukuta uliofika kwenye lenta. Miaka miwili inapita. Dada anashuka uwanja wa ndege, anapanda matatu, anaomba apelekwe kuona nyumba yake. Ploti ni ya mtu mwingine. Au ipo, lakini imeandikwa kwa jina la kaka, ambaye sasa ana mke aliyekwisha kuhamia. Au imeuzwa mara mbili, na kesi iko mahakamani. Na yeye hana hata ushahidi, kwa sababu simu aliyotumia kutuma pesa aliiacha Riyadh.

Wiki mbili baadaye anatafuta wakala tena.

Huo ndio mzunguko. Mkataba wa kwanza unapotea nyumbani, wa pili unasainiwa kwa kukata tamaa, bila maswali. Mawakala wanamjua vizuri sana huyu mwanamke wa mkataba wa pili. Tukiuacha mzunguko huu uendelee, Kitengela itakuwa na kizazi cha wanawake waliozeeka wakiwafanyia wengine kazi, wasio na mlango hata mmoja wenye ufunguo wao.

Na watoto? Wanabaki na shosho, au na msichana aliyetolewa kijijini ili alee kwa malipo kiduchu. Msichana huyo naye alipaswa kuwa shuleni. Pale ambapo hakuna shosho wala pesa ya msichana, binti mkubwa wa nyumba anakuwa mama akiwa na miaka kumi na miwili.

Serikali imejaribu kufunga mlango. Mwaka 2012 ilizuia wanawake kwenda kufanya kazi za nyumbani Mashariki ya Kati. Mwaka 2014 ilifuta leseni za mashirika 930 ya kuajiri. Wanawake hawakuacha kwenda. Walipitishwa Uganda na Tanzania, bila rekodi, bila mkataba, bila balozi kujua kwamba wapo. Marufuku ilipoondolewa mwaka 2017 tuliahidiwa makubaliano na ukaguzi. Makubaliano yapo. Ukaguzi ni hafifu. Siku hizi Serikali yenyewe inawahimiza vijana waende majuu, na uchunguzi ule wa The New York Times ulionyesha kwamba miongoni mwa wenye mashirika haya wamo wanasiasa na watu wao wa karibu. Anayefaidika na safari hatakuwa wa kwanza kukuonya juu yake. Kwa hiyo marufuku nyingine haitatusaidia, na kusubiri Nairobi hakutatusaidia.

Kinachohitajika sasa ni mambo machache, na mengi yanaweza kuanza Kitengela wiki hii.

La kwanza ni leseni. Kila shirika halali la kupeleka watu ng'ambo limeandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha iko wazi kwenye mtandao. Tafuta jina la shirika, uone pia kama leseni yake haijaisha. Leseni ni ya shirika. Haikopeshwi kwa mtu wa mtaani anayesema anafanya kazi nao. Kama wakala hana ofisi, au ofisi yake ni meza ndani ya duka la M-Pesa, ondoka.

La pili ni pesa. Kwa kazi ya nyumbani Saudia, tiketi, viza na gharama za kuajiri ni za mwajiri. Anayekudai elfu hamsini za kuharakisha faili anakuibia. Anayesema utakatwa kwenye mshahara anakuuza ukiwa na deni, na mwenye deni hawezi kukataa chochote. Usiuze mbuzi. Usichukue mkopo wa chama. Usiweke cheti cha shamba cha mama yako mikononi mwa mtu.

La tatu ni mkataba, na hapa naomba mtu asipite haraka. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uwe wa maandishi na uthibitishwe na afisa wa kazi. Uwe katika lugha unayoisoma. Uwe na jina la mwajiri, mji, mshahara, saa za kazi na siku ya mapumziko. Usome jina la viza pia: viza ya matembezi haikupi kibali cha kazi, hata wakala aape kwa jina la Mungu kwamba itabadilishwa ukifika. Wanaopelekwa hivyo hufika wakiwa tayari wamevunja sheria ya nchi ya watu. Mkataba unaoletewa uwanja wa ndege saa mbili kabla ya kuondoka usiusaini. Rudi nyumbani. Aibu ya kurudi na sanduku Kitengela inapita.

La nne ni pesa yako mwenyewe. Fungua akaunti ya benki kwa jina lako kabla ya kusafiri, na mshahara uingie humo. Tuma nyumbani ya chakula na karo, na ile ya ploti ibaki kwako. Ardhi isinunuliwe ukiwa hupo. Kama ni lazima, mpe wakili mamlaka ya maandishi kwa jambo hilo moja tu, afanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, na hati itoke kwa jina lako. Mliooana, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inautambua mchango wa mke, lakini mchango unathibitishwa kwa rekodi. Jitumie kwenye barua pepe taarifa za benki na za M-Pesa kila mwezi, ili simu ikipotea ushahidi usipotee nayo.

Yanayobaki hayamhusu anayesafiri peke yake.

Kaunti ya Kajiado haitoi leseni za mashirika ya kuajiri, lakini inatoa vibali vya biashara. Isitoe kibali kwa shirika la safari za kazi, wala kwa kituo kinachojiita cha mafunzo ya kazi za nyumbani, kama hakuna leseni ya NEA mkononi. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji karani aulizwe swali moja zaidi. Machifu nao wanazijua nyumba ambazo mawakala hulaza wasichana kabla ya safari. Wazitaje. Kumsafirisha mtu kwa ulaghai ili anyonywe ni kosa chini ya Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya 2010, na simu ya idara ya upelelezi, DCI, 0800 722 203, inapigwa bure.

Wachungaji, msimpe wakala kipaza sauti baada ya ibada. Mkimpa madhabahu mmemdhamini, na waumini watamfuata kwa sababu yenu.

Vyama vya akina mama vina kazi ambayo hakuna ofisi itakayoifanya. Kila mwanachama anayeondoka aache nakala ya pasipoti, mkataba na viza, jina na leseni ya shirika, na jina la mji anakokwenda. Akifika atume mahali alipo kwa simu siku hiyo hiyo, kabla simu haijachukuliwa. Mkubaliane neno moja la kawaida kabisa, la kusemwa mbele ya mwajiri bila kushtua, ambalo nyinyi mtalielewa kuwa niokoeni. Mkubaliane nani anabaki na watoto, mbele ya mashahidi, na ni nani katika chama atakayewatembelea. Mtoto akiteswa huku, namba ni 116.

Na mpange siku ya kupiga simu. Iwe Jumapili. Akikosa mara moja, mtafuteni kwa shirika lililompeleka, kwa maandishi, mkihifadhi kila jibu. Msikubali kuambiwa ana kazi nyingi. Akikosa Jumapili ya pili, chukueni nakala zote mpeleke Idara ya Masuala ya Diaspora jijini Nairobi na mtume nyingine kwa ubalozi wa Kenya ulioko Riyadh, mkidai namba ya faili kabla hamjatoka mlangoni.

Msisubiri Jumapili ya tatu.